Gemu za Laivu, kwa Masikio ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Ilemela kutoka Misungwi ili atolewe mtoto wa jicho. Tulidhani angekaa kwetu siku chache tu. Lakini alipopimwa hospitali, daktari akasema presha iko juu mno na hawezi kugusa jicho mpaka ishuke. Ameze dawa, apunguze chumvi, apumzike, kisha arudi. Basi akabaki nyumbani kwetu na macho yake ambayo wakati ule yalikuwa yanatofautisha mwanga wa mlangoni na giza la ukutani, basi.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuwa kambini wakijiandaa na mtihani, kwa hiyo alikuwa anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi ni fundi wa friji. Karakana yangu ni kibaraza cha mbele cha nyumba yetu, pale kwenye mawe, na wateja wangu wengi ni wenye maduka ya vinywaji na akina mama wanaouza samaki. Kwa hiyo mchana tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe, na binti yetu wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi.

Mimi ni Mjita wa upande wa Mara, mke wangu ni Msukuma, lakini kwenye suala la mama mkwe makabila yetu hayatofautiani sana. Mkwe wa kiume anajiheshimu. Haketi kochi moja na mama mkwe, hapigi naye soga, hakai akamtazama usoni. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikasema, "Shikamoo, mama." Yeye akajibu, "Marahaba, baba. Mmeamkaje?" Nikasema tumeamka salama, nikarudi kwenye friji zangu. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumezungumza hivyo hivyo, na sikuwahi kuona kwamba kuna kilichopungua.

Binti yetu alikuwa anapenda kuangalia gemu za laivu kwenye televisheni. Kwa ambaye hajaziona: mtu anakaa kwake, Dar au Nairobi au mahali usipopajua, anacheza gemu, na watu wengine wengi wanamwangalia anavyocheza. Anaongea muda wote. Wanaomwangalia wanaandika maneno yanayopita pembeni mwa kioo, naye anayasoma na kuyajibu akipenda. Mimi nilipoona mara ya kwanza nilimwuliza binti yangu raha iko wapi, kumwangalia mwenzako anacheza. Akaniuliza raha iko wapi kuangalia watu wazima wakicheza mpira. 

Kabla likizo haijaanza, mke wangu aliniambia tukiwa tunaosha vyombo, "Wewe ndiye utakuwa nyumbani. Angalia anachoangalia. Kinachomfaa akione, kisichomfaa kitoe."

"Nitajuaje kinachomfaa?"

"Utakiona tu."

Basi nikawa naangalia. Kipimo changu kilikuwa rahisi: damu, bunduki, na watu waliovaa ovyo. Nilipata nafasi kati ya friji na friji, nikasimama mlangoni dakika moja au mbili, nikatazama kioo. Gemu ya mpira, sawa. Gemu ya magari, sawa. Gemu moja ilikuwa ya mwanamke kijana aliyekuwa anatembea na tochi kwenye jengo lenye giza, na ukutani kuna damu. Hiyo niliikataza palepale, na binti akanuna mpaka jioni. Lakini ile aliyoipenda kuliko zote niliipitisha bila wasiwasi. Ilikuwa kisiwa. Nyasi za kijani, kondoo weupe, nyumba ndogo za matofali ya rangi, na kijana wa Kitanzania aliyekuwa anakirusha kila siku mchana akijenga na wenzake. Nikajisemea, ujenzi na kilimo, mtoto atajifunza kitu.

Mama mkwe alikuwa anakaa kwenye kochi la karibu na dirisha, kanga mabegani, naye anasikiliza. Mwanzoni hakuelewa. Yule kijana akisema, "Karibuni sana nyumbani," yeye alijibu, "Asante, mwanangu." Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, hakusikii!"

"Kama hanisikii, mbona ananikaribisha?"

Baadaye wakazoeana na hiyo laivu wote wawili. Bibi aliuliza, "Sasa anafanya nini?" na mjukuu akamsimulia: anachimba, anaweka mlango, kondoo wametoroka. Mara moja nilimsikia akiuliza kisiwa chenyewe kikoje, kama Ukerewe? Binti akamwambia ni kikubwa kuliko Ukerewe, na hakina feri. Bibi akasikitika kwamba watu wa huko wanapata shida.

Jambo lililomkera binti yangu ni kwamba bibi alimwita mara kwa mara. Choo chetu kiko nje, nyuma ya nyumba, na njia ina mawe. Bibi hakuweza kwenda peke yake, na mimi mkwe sikuweza kumshika mkono kumpeleka. Kwa hiyo ilikuwa "mjukuu wangu, nipeleke nje," "mjukuu wangu, maji ya kunywa," "mjukuu wangu, kanga yangu imeangukia wapi." Kila mara binti aliinuka, lakini si kila mara kwa uso mzuri.

Siku moja mchana nilikuwa nimelaza friji ya mama mmoja wa pale mtaani, nabadilisha gesi, nikasikia naitwa. Si binti. Alikuwa mama mkwe.

"Baba! Hebu njoo."

Alikuwa hajawahi kuniita. Nikadhani ameanguka, nikakimbia na mikono yangu michafu. Nikamkuta amekaa palepale, ameinamisha kichwa upande wa televisheni, sikio mbele.

"Huyu anamtukana mtoto wa nani?"

Nikatazama kioo. Kondoo, nyasi, nyumba ndogo. "Mama, hiyo ni gemu tu. Wanajenga."

"Mimi sioni wanachojenga. Wewe hebu sikiliza."

Nikasimama nikasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze, sikutazama, nilisikiliza. Yule kijana alikuwa amemkaribisha mtazamaji mmoja aingie kucheza naye, na mtazamaji mwenyewe alikuwa mtoto. Sauti yake ilikuwa nyembamba, labda wa darasa la tatu au la nne. Alikuwa anajenga polepole na kuuliza uliza. Kijana na wenzake walikuwa wanamwita mshamba, wanaigiza anavyotamka maneno, halafu wanaibomoa nyumba yake kila anapoimaliza. Mtoto akasema, "Kaka, naomba msivunje." Wakaangua kicheko. Wakamwambia aombe tena kwa sauti ya mbuzi. Akaomba kwa sauti ya mbuzi. Wakaivunja. Ukaanza kusikia pumzi za mtoto anayejizuia kulia, na kijana akamwambia, "Ukilia tunakutoa laivu." Pembeni maneno yalikuwa yanashuka kama mvua, watu wanacheka.

Na binti yangu naye alikuwa anacheka.

"Kwa nini unacheka?" nikamwuliza.

"Baba, huwa anawafanyia hivyo wageni wote. Ni utani."

Mama mkwe akageuza uso upande wa sauti ya mjukuu wake. "Utani? Mimi nina watani wangu. Wananitania mpaka msibani, nami nawarudishia, tunacheka wote. Huyo mtoto anacheka?"

Binti akaacha kucheka.

Mimi nilichukua rimoti nikazima. Nilizima kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa najikasirikia mimi, maana ni mimi niliyekuwa nimeipitisha hiyo laivu kila siku kwa ajili ya kondoo weupe. Binti akaanza kulia, akasema, "Si umeniruhusu mwenyewe!" Ilikuwa kweli.

"Umezima?" akauliza mama mkwe.

"Nimezima, mama."

"Basi hatutajua huyo mtoto ameishiaje." Alisema kwa masikitiko ya kweli. Jioni nzima alikuwa anarudia kwamba huenda hata mama yake hajui kwamba mwanawe amelizwa mbele za watu.

Kesho yake nilifunga karakana mapema kidogo. Nilichukua stuli, nikaiweka karibu na mlango, mbali na kochi la mama mkwe lakini ndani ya chumba. Nikamwambia binti, "Nionyeshe zote unazozipenda. Leo tunaangalia pamoja, sitakataza chochote kabla hatujamaliza." Akanitazama kama mtu anayetegewa mtego. Mama mkwe akavuta kanga yake vizuri, akasema, "Haya, anza na yule wa tochi."

"Baba aliikataza," binti akasema.

"Ameshasema leo hakatazi."

Tukaanza na wa tochi. Nikafumba macho ili nisikie kama anavyosikia mama mkwe, na nikasikia mtu tofauti kabisa na niliyemfukuza. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kawaida, sauti ya dada wa jirani. Alisema, "Hapa mbele panatisha, kama uko na mdogo wako mwondoe kwanza." Akasubiri. Mtu mmoja aliandika tusi, hakulisoma, alisema tu, "Huyo nimemtoa, tuendelee." Mlango ukabamizwa naye akapiga kelele, kisha akajicheka mwenyewe. Mtazamaji mmoja alimwambia kwamba kesho ana mtihani, akamwambia, "Basi unafanya nini hapa? Nenda kasome, nitakuwepo Jumamosi."

"Huyo kalelewa," akasema mama mkwe.

Nikafumbua macho. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kinaning'inia darini, na sitaki kukieleza. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameshika mkono wa bibi yake kwa mikono yote miwili. Nikasema dada ni mtu mzuri, ila picha zake si za mtoto wa miaka kumi. Mama mkwe akauliza picha gani, nikamweleza. Akasema, "Hapo umeniweza. Mimi sikuyaona hayo." Ni binti aliyetuokoa. Alisema dada huyo huyo siku nyingine hucheza gemu ya shamba na mgahawa, hana tochi wala giza. Tukakubaliana tumwangalie siku hizo tu.

Tukaenda kwa mwingine. Huyu alikuwa mwanamume mwenye sauti ya asali. Aliwasalimu wote waliokuwa wanamwangalia, akawaombea baraka, akawauliza kama wamekula. Alikuwa anacheza gemu ya kuvua samaki, taratibu, na hakumtukana mtu. Mama mkwe alimpenda. Alikuwa anamwitikia "amina" kila mara. Mimi nami ningempitisha, lakini safari hii macho yangu yalikuwa wazi, na kwa kuwa gemu yenyewe ilikuwa inachosha, nikaanza kusoma yale maneno yanayopita pembeni. Wengi walikuwa watoto wanasalimiana. Katikati yao kulikuwa na watu wasiokuwa watoto. Una miaka mingapi? Uko wapi? Wewe ni msichana? Nitumie namba ya mama yako, ya simu ile anayokuachia. Mwenye laivu hakuyasoma hayo kwa sauti, wala hakuyaondoa. Aliendelea kuvua na kubariki.

Nikamwuliza binti yangu taratibu, kwa sauti ambayo nilijilazimisha iwe ya kawaida, "Wewe nawe huwa unaandika hapo?"

"Nawasalimia tu, kwa rimoti."

"Na wao?"

"Kuna mmoja anaitikia kila siku. Ni rafiki."

"Rafiki amekuuliza nini?"

Akafikiri. "Aliniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Mwanza. Akauliza Mwanza sehemu gani, nikamwambia Ilemela. Akaniuliza nasoma shule gani."

"Ukamjibu?"

"Nilikuwa naandika. Halafu bibi akaniita nimpeleke nje. Tuliporudi, laivu ilikuwa imeisha."

Nje mtu wa bodaboda alikuwa anapiga honi akiniita, nami sikuinuka. Nilimtazama mama mkwe usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya waziwazi, na kwa kuwa hakuweza kuniona nilimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mzee ambaye siku ile, wakati ule, alikuwa anahitaji kwenda msalani. Hakujua alichokizuia. Hakuwa na busara yoyote ya kuelezea. Alimwita mjukuu wake, na mjukuu akaenda, akiwa amenuna pengine, lakini akaenda.

"Asante, mama," nikasema.

"Asante ya nini, baba?"

Nikamweleza. Ilinichukua muda, maana ilibidi nimweleze kwanza kwamba mtu asiyeonekana anaweza kuongea na mtoto ndani ya sebule yako na wewe umekaa hapo hapo. Alipoelewa, alinyoosha mkono hewani akitafuta, binti akausogelea, akamvuta mpaka kichwa cha mtoto kikalala mapajani mwake. Alimwambia jambo kwa Kisukuma ambalo sikulielewa lote. Binti akaanza kulia tena, lakini si kama jana.

"Nimekosea, baba?" akaniuliza.

"Hujakosea. Ulisalimiwa ukaitikia, kama tulivyokufundisha. Mwenye makosa ni yule aliyekuuliza shule."

Mke wangu aliporudi jioni alikuta friji ya yule mama bado imelala barazani na sisi watatu tuko sebuleni, mimi na mama yake tukiwa chumba kimoja tunaongea. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini?" Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mwanafunzi wake. Kisha akavua viatu, akaenda kukaa chini kwenye mkeka, miguuni pa mama yake, akakaa hapo mpaka giza lilipoingia. Hakunilaumu. Aliniambia baadaye kwamba naye angeipitisha ile ya kondoo.

Usiku huo huo binti yetu alitufundisha jinsi ya kuyaficha yale maneno ya pembeni, maana sisi tulikuwa hatujui kwamba inawezekana. Rafiki yake wa kila siku tulimripoti, tukamfungia. Mke wangu aliwaeleza wazazi wengine wa mtaani, na nilishangaa kusikia ni wangapi waliosema, "Lakini mimi nimeangalia, ni katuni tu."

Kuanzia hapo mpaka likizo ilipoisha, kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye stuli yangu. Mama mkwe alisikiliza, mimi nikasoma na kutazama, binti akatufafanulia. Tulibishana. Kijana mmoja aliyekuwa anarusha gemu ya mpira alipiga kelele mno, mimi nikataka tumwache. Mama mkwe akasema kelele si matusi, kwao Misungwi watu wanaongea hivyo hivyo mnadani. Akabaki. Mwingine alikuwa kila baada ya muda anawaambia watoto wamtumie zawadi kwa simu za wazazi wao. Huyo alikataliwa na binti mwenyewe kabla sisi hatujafungua mdomo. Na katikati ya hayo mama mkwe alianza kuniuliza habari za friji, kwa nini baridi inatoka kwenye kitu cha moto, nami nikamweleza. Aliniuliza kuhusu mama yangu, aliyefariki kabla sijaoa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza habari za mama yangu kwa miaka mingi.

Presha ilishuka. Daktari akamtoa mtoto wa jicho la kulia, na kesho yake tukampeleka kufunguliwa bandeji, wote, hata mke wangu aliomba ruhusa. Muuguzi alipoondoa pamba, mama mkwe alipepesa, machozi yakamtiririka, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amesimama mbele yake. Mara ya mwisho kumwona vizuri, mtoto alikuwa anajifunza kutembea.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Kama wangu."

Kisha akanitazama mimi. "Na wewe baba, umenenepa."

Nyumbani alitaka kwanza aone kisiwa. Binti akamtafutia gemu nyingine ya aina hiyo hiyo, ya yule dada wa sauti ya kawaida, siku yake ya shamba. Mama mkwe alikaza jicho lake jipya kwenye kioo. Nilidhani atafurahi.

"Hivi vibonzo," akasema, "ndivyo vilivyokuwa vinanipandisha presha?"

Tulicheka wote wanne mpaka jirani akaja kuuliza.

Alirudi Misungwi mahindi yake yakiwa yanamngoja. Mwaka uliofuata alikuja kutolewa mtoto wa jicho la kushoto, na safari hiyo hakukawia. Binti yetu sasa yuko darasa la saba na laivu haangalii kama zamani. Anasema nyingi zinafanana. Hata hivyo Jumamosi moja majuzi alikuja barazani akaniambia amempata mpya, na hana uhakika naye, twende tukamsikilize. Nikaenda. Walikuwa dada wawili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, wanacheza gemu ya kupanga samani kwenye nyumba. Walikuwa wanabishana kuhusu kabati: likae kushoto au kulia. Nilisikiliza, nikasoma maneno ya pembeni, nikatazama picha. Baada ya muda nilisinzia. Nilipoamka, kabati lilikuwa bado halijapata mahali, na binti yangu alikuwa amenifunika kanga.

"Vipi, baba?"

"Wanafaa," nikamwambia. "Wanachosha, lakini wanafaa."